Vijana wa Dar es Salaam, tuzifuate taka hadi zinakoishia

Wanajamvi, salaam.

Kila ifikapo Juni 5, Siku ya Mazingira Duniani, na tena mwezi Septemba wakati wa usafi unaofanyika siku moja duniani kote, vijana wa jiji letu hujitokeza kwa wingi katika fukwe za Coco, Kawe na Kigamboni wakiwa na glovu, viroba na fulana mpya. Kazi wanayoifanya ni ya kweli na sikusudii kuibeza. Nimeleta uzi huu kwa sababu naona nguvu hiyo inaishia njiani: taka zinaokotwa, picha zinapigwa, halafu swali la zinakopelekwa, na la nyingine zitakazokuja kesho zinatoka wapi, linaachiwa wengine. Hoja yangu ni kwamba kijana anayetaka kulinda mazingira ya Dar es Salaam hana budi kuzifuata taka pande zote mbili, kule zinakotoka na kule zinakoishia, na safari hiyo itamfikisha mahali ambapo wengi wetu hatupendi kwenda: ofisi ya mtendaji wa mtaa, mkutano wa mtaa, bajeti ya halmashauri na, ikibidi, mahakamani.

Tuutazame mtaro wowote wa Manzese, Tandale au Buguruni siku ya usafi wa mwisho wa mwezi. Vijana wanaingia na koleo na reki, wanatoa tope jeusi lililoshikana na chupa za maji, nepi za watoto, nywele za bandia na vile vifungashio laini vinavyong'aa, kisha wanalirundika ukingoni ili lichuruzike maji kabla ya kubebwa. Saa nne asubuhi kazi imekwisha na kila mmoja amekwenda kuoga. Gari la mkandarasi halikupewa taarifa, au lilipewa lakini mkataba wake unahusu taka za majumbani tu, kwa hiyo rundo linabaki palepale. Pikipiki zinapita juu yake, kuku wanalichakura, na mvua kubwa ikinyesha nusu yake imerudi mtaroni. Nimeishi katika mtaa ambao jambo hili lilijirudia msimu baada ya msimu, na hakuna aliyekuwa mvivu. Kilichokosekana ni mtu aliyepewa jukumu la kuuliza, kabla koleo halijaguswa, rundo hili litaondolewa na nani na lini.

Mtaro huo hauishii mtaani. Maji ya Sinza, Ubungo, Luhanga na Kinyerezi yote huingia Mto Msimbazi, ambao unaanzia vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, na kumwaga maji yake baharini penye Daraja la Salenda. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Sababu za mafuriko ni nyingi: ujenzi ndani ya bonde, miti iliyokatwa kwenye miinuko, mchanga uliojaza mto, na mji uliosakafiwa kiasi kwamba maji hayana pa kuzama. Taka ni sababu mojawapo tu, lakini ndiyo ambayo kijana asiye na tingatinga wala cheo anaweza kuishughulikia kwa mikono yake. Kwa yale makubwa zaidi, upo mradi wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022. Vijana wa Kigogo na Hananasif wana haki ya kujua mradi huo umepanga nini kuhusu taka zinazotoka juu yao, maana mto ukichimbwa leo utajaa tena kama mitaa ya juu itaendelea kuuletea mzigo uleule.

Ipo historia ambayo wengi wetu hatukusimuliwa. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, waliochoshwa na moshi, nzi na harufu ya dampo la jiji lililokuwa katikati ya makazi yao, walilishtaki Jiji la Dar es Salaam katika Mahakama Kuu na kushinda. Jiji lilipoomba liongezewe muda wa kuendelea kumwaga taka hapo, Jaji Lugakingira alishangaa waziwazi kwamba chombo cha umma kinakuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira. Dampo hilo hatimaye lilifungwa na taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Huko nako, mwaka 1991, Festo Balegele na wenzake 794 wakafungua kesi, na Mahakama Kuu ikakubali kwamba kumwaga taka karibu na makazi ya watu kunahatarisha haki ya kuishi iliyomo katika Ibara ya 14 ya Katiba. Baada ya hapo taka za jiji zilipita Vingunguti na Mtoni, na sasa ziko Pugu Kinyamwezi.

Mfuatano huo una mambo mawili ndani yake. La kwanza ni kwamba watu wa kawaida, wasio na asasi wala mfadhili, waliwahi kulilazimisha jiji kubadili mwenendo. La pili linauma kidogo: Tabata waliposhinda, mzigo ulikwenda Mtongani, na Mtongani waliposhinda, ulikwenda kwa wengine. Mahakama inaweza kuliondoa dampo mlangoni kwako, lakini haiwezi kuzipunguza taka unazozalisha. Na leo zinaishia Pugu, eneo lilelile ambalo vilima vyake ndivyo chimbuko la mto tunaousafisha huku chini.

Mwaka huohuo wa 1991, kundi dogo la wanafunzi wa sekondari lilikutana barazani kwa Jane Goodall, hapahapa Dar es Salaam, wakiwa na maswali kuhusu mambo waliyoyaona kwa macho yao, uvuvi wa baruti ukiwa mojawapo. Kikao kile ndicho kilichozaa Roots & Shoots, mpango wa vijana ambao leo umeenea katika makumi ya nchi. Goodall alipofariki Oktoba 2025 dunia nzima ilimlilia, na nilisikitika kuona jinsi wenzetu wengi wa jiji hili wasivyojua kwamba mpango huo ulizaliwa hapa. Tumezoea kudhani kwamba harakati za vijana za mazingira zililetwa kutoka Ulaya pamoja na mabango yake.

Nizungumzie na upandaji wa mikoko, kwa kuwa ndio unaopendwa zaidi sasa baada ya usafi wa fukwe. Mikoko ya Dar es Salaam bado ipo: mdomoni mwa Msimbazi, Kunduchi, Mbweni, Mtoni Kijichi na upande wa Kigamboni, na yote ni misitu ya hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Mbegu ya mkoko ni rahisi kupanda kuliko mbegu yoyote, kwa sababu inaanza kuota ikiwa bado juu ya mti mama, inarefuka kama rula, na unachohitaji ni kuichomeka kwenye tope. Urahisi huo ndio mtego wenyewe. Katika mwambao wetu kila aina ina mahali pake: mlilana husimama mbele unapopigwa na maji, mkoko wenyewe, aina inayoshiriki jina na kundi zima, hukaa katikati, na mkandaa hupenda nyuma ambako maji hufika kwa nadra. Kikundi kikifika maji yakiwa yametoka, kikaona tope tupu mbele ya msitu na kuchomeka humo miche elfu moja ya mkoko kwa saa mbili, kimepanda mahali ambapo mkoko haukujiotea kwa karne nyingi, na ipo sababu. Mawimbi huung'oa, mwani huuelemea, na vile viumbe vidogo vyenye magamba magumu huganda kwenye shina changa hadi likainama. Ukirudi baada ya masika unakuta vijiti.

Hapa ndipo mikoko na mtaro vinapokutana. Mchu, aina nyingine ya mikoko, na mlilana hupumua kwa mizizi inayochomoza juu ya tope, na mifuko inayoletwa na Msimbazi huizingira mizizi hiyo na kuikaba. Nenda Salenda maji yakiwa yametoka ukajionee matawi ya chini yalivyovikwa nailoni. Katika eneo kama lile, kikundi kinachozuia plastiki isiingie mtoni kule Kigogo kinaweza kuwa kimeotesha mikoko mingi kuliko kinachochomeka miche, kwa sababu penye mbegu na tope safi mikoko hujipanda yenyewe.

Kuhusu mifuko sitasema mengi. Katazo la mifuko ya plastiki la Juni 1, 2019 lilifanya kazi kubwa, na anayekumbuka jiji lilivyokuwa kabla yake hawezi kubisha. Kanuni zinasema anayekamatwa na mfuko uliokatazwa anaweza kutozwa faini ya kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, lakini vifungashio laini vilivyoruhusiwa kwa ajili ya bidhaa nyingine vimegeuka kuwa mifuko ya kubebea nyanya na chapati, na kila mtu anaona. Vijana wa sokoni ndio wanaovitumia na ndio wanaojua vinaingia sokoni kwa njia gani.

Sasa nirudi kwenye swali la chanzo. Sehemu kubwa ya taka za nyumba zetu ni maganda, mabaki ya chakula na majani, vitu ambavyo vikitenganishwa jikoni vinakuwa mbolea, na vikichanganywa na plastiki vinakuwa uvundo ambao hakuna anayetaka kuugusa. Kule Bonyokwa, asasi ya Nipe Fagio, iliyoanza mwaka 2013, imefanya kazi na ushirika wa wakusanya taka ambao wanapita nyumba kwa nyumba, wanapokea taka zilizotenganishwa na kuzishughulikia karibu na zinapotoka. Ninachokipenda katika mfano huo ni kwamba mkusanya taka ni mtu mwenye kazi na kipato, na asipopita Jumanne mama mwenye nyumba anamuuliza. Kujitolea kwa siku moja hakumweki mtu yeyote katika nafasi ya kuulizwa.

Fedha za kuanzisha kazi kama hiyo zipo kisheria. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Vijana wengi huombea pikipiki za kubebea abiria, na sioni ajabu katika hilo, lakini guta la matairi matatu la kubebea taka nalo linaendeshwa kwa petroli ileile na wateja wake hawahami.

Naomba kuwasilisha.

MAJIBU

Mkazi wa Jangwani:

Mleta mada, umeeleza vizuri, lakini nadhani umeionea siku ya usafi. Mimi niliingia katika mambo haya kwa sababu rafiki alinialika kuokota chupa ufukweni, na nisingeingia kwa kualikwa kwenye kikao cha mtaa, ambako vijana tukiinua mkono tunaambiwa tusubiri wazee wamalize. Siku ya usafi ndiyo mlango pekee ulio wazi. Aidha, zile orodha ambazo vikundi vingine huandika baada ya kuokota, zinazoonyesha chupa za kampuni gani ni nyingi kuliko nyingine, ni ushahidi ambao wenye viwanda hawapendi kuuona, na haupatikani bila watu kuinama na kuokota.

Mleta mada:

Mkuu, kuhusu orodha hizo tuko pamoja kabisa, na ningependa kila usafi uwe na daftari, kwa kuwa chupa iliyohesabiwa inaweza kupelekwa kwa aliyeitengeneza. Kuhusu vikao vya mtaa, ni kweli kwamba vijana hawasikilizwi wakienda mmojammoja na jambo la jumla kama "mazingira yatunzwe". Wakienda kumi na jambo moja, kwa mfano kwamba mkandarasi analipwa tozo kila mwezi na hajaonekana tangu mwezi uliopita, mwenyekiti atalazimika kujibu mbele ya watu wanaompigia kura. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua kamati za mazingira hadi ngazi ya mtaa. Ulizeni ya kwenu ina wajumbe gani na ilikaa lini mara ya mwisho. Mtaa usio na jibu umekupa hoja ya kikao kijacho.

Mama wa Kijichi:

Wanangu, nawasoma kwa furaha. Mimi ni mkazi wa kando ya mikoko tangu ujana wangu, na yaliyosemwa kuhusu kupanda mbele ya msitu ni kweli tupu. Wanakuja vijana wazuri, wenye adabu, wanatusalimia, wanapanda, wanatupa soda, wanaondoka, na hatuwaoni tena. Wangetuuliza sisi au wavuvi wa kaa, tungewaonyesha mahali ambapo mti ulikatwa kwa ajili ya kuni au nguzo, na pale pakiachwa bila kukanyagwa huota wenyewe. Nawaomba pia mkumbuke kwamba anayekata mkoko usiku mara nyingi ni kijana mwenzenu anayetafuta pesa ya kula. Kumtia aibu mitandaoni hakumshibishi, na mwezi ujao atarudi na panga lilelile. Mkija tena, njooni na shughuli ambayo naye ataingia, hata ikiwa ni kumlipa awe mlinzi wa miche yenu.

Kijana wa Mbezi:

Shikamoo mama, na asante kwa kutukumbuka sisi tulio upande wa pili. Nilichimba mchanga mtoni kwa muda mrefu, kwa hiyo nitasema ninachokijua. Lori linakuja alfajiri, mnapakia kwa beleshi, mnalipwa taslimu kabla jua halijapanda. Kila mmoja wetu aliona kingo zinavyoliwa na nyumba za watu zinavyoning'inia, na tulijua sheria inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Wanaokamatwa ni wenye mabeleshi, ilhali mwenye lori, na mjenzi anayenunua mchanga bila kuuliza umetoka wapi, hawaguswi. Kama vijana wa mazingira mnataka kazi yenye maana, simameni kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na maeneo ya ujenzi mkubwa, muulize risiti ya mchanga. Anayechimba machimbo yenye kibali anayo.

Mleta mada:

Ndugu yangu wa Mbezi, hilo la risiti sikuwa nalo na nalichukua. Linaendana na nilichokuwa nikijaribu kusema kuhusu taka: kitu kina mwanzo na mwisho, na mwenye nguvu mara nyingi yuko kwenye mojawapo ya ncha hizo, wakati sisi tunagombana katikati. Mama wa Kijichi, shikamoo. Ushauri wako kuhusu mlinzi wa miche ni bora kuliko miongozo mingi niliyowahi kusoma.

Mgeni wa Tabata:

Nimesoma uzi wote. Sisi ni vijana tisa wa mtaa mmoja huku Tabata, wengi hatuna ajira, na kuna mtaro nyuma ya soko unaofanana kabisa na ulioueleza. Tuanzie wapi hasa? Naomba hatua, kwa kuwa hamasa tunayo tayari.

Mleta mada:

Kwanza, kabla ya kugusa mtaro, tembeeni kutoka sokoni kwenda juu hadi mjue taka zinaingilia wapi. Mara nyingi ni sehemu mbili au tatu tu: kibanda cha chipsi, nyumba za wapangaji zisizo na chombo cha taka, au kona ambayo mkandarasi huiruka kwa sababu guta halipiti. Zungumzeni na watu hao kwanza, kwa majina yao na kwa heshima.

Pili, jiandikisheni kama kikundi. Andikeni katiba fupi na muhtasari wa kikao cha kuanzisha kikundi chenye sahihi za wote, mpeleke kwa mtendaji wa mtaa, kisha kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, ambaye ndiye pia atakayewaongoza kuhusu mkopo wa halmashauri. Msiombe mkopo mwezi wa kwanza. Kusanyeni kwanza kwa mkokoteni wa kukodi katika nyumba chache zilizokubali, muone kama watu wanalipa na kama ninyi wenyewe mnaelewana inapofika kugawana.

Tatu, kwa ajili ya tope la mtaroni, andikeni barua kwa mtendaji wa mtaa na nakala kwa afisa afya wa kata, mkitaja tarehe mtakayosafisha na kuomba gari lipangwe siku hiyohiyo, kabla ya jioni. Chapisheni nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na mbaki nayo. Gari lisipokuja, ahirisheni usafi na mwandike barua ya pili inayotaja tarehe ya ile ya kwanza.